Mama Mbona na Darasa la Nyuma ya Stoo

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika chuo chetu cha kilimo, mkufunzi tunayemwita Mama Mbona anastaafu tarehe 30 Juni. Jina hilo alijipatia mwenyewe: hakuna kikao alichohudhuria bila kuuliza, "Mbona iwe hivyo?"

Hakuajiriwa kufundisha. Alikuja kama mtunza stoo, kazi yake kugawa majembe asubuhi na kuyapokea jioni. Mwaka wake wa tatu, mama mmoja mwenye shamba la nusu ekari alifika getini na mche wa maharagwe uliokauka, akaomba kusoma. Fomu ilidai cheti cha sekondari na miaka miwili ya kukaa bweni. Cheti hakuwa nacho, na nyumbani alikuwa na watoto wanne. Akageuka kuondoka.

Mtunza stoo akamkimbilia hadi barabarani. "Dada, hebu nione mizizi."

Mizizi ilikuwa imevimba. Si yeye si mwenzake aliyejua sababu, wakaenda pamoja kumuuliza mwalimu wa udongo. Jumamosi iliyofuata yule mama alirudi na majirani watatu. Haukupita muda wakawa kumi na tisa, wamekalia ndoo zilizopinduliwa nyuma ya stoo, wakijifunza kutengeneza mboji na kuhifadhi mbegu. Mama Mbona naye akaanza kusomea ualimu wa kilimo kwa njia ya posta.

Mkuu wa chuo wa wakati huo akataka darasa lifungwe, kwa kuwa halikuwemo kwenye mtaala. Mkaguzi akaitwa. Alfajiri ya siku hiyo Mama Mbona alifukia mayai mawili katikati ya lundo la mboji lililokuwa likifuka mvuke. Mchana akayafukua, yameiva. Mkaguzi akamenya moja, akalila, kisha akavuta ndoo na kuuliza maswali mpaka saa tisa. Darasa likabaki.

Leo asiye na cheti anaweza kusoma hapa Jumamosi, au kuishi miezi mitatu kwa mkulima mzoefu akijifunza kwa mikono yake. Njia zote mbili ni kazi ya Mama Mbona.

Juzi tumelikuta jina lake kwenye orodha ya wanafunzi wapya wa ufugaji nyuki. Mkufunzi wa kozi hiyo, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, ameshaanza kudurusu upya.

Dada yetu, ahsante kwa kila swali lililotutoa jasho. Tunakuombea afya, mvua za kutosha na nyuki wapole.