Frigo Iliyopuliza Kutu

Wamama wa likelemba yetu, chama chetu cha kuchangiana, na ninyi wapapa wachache mliokuja kusikiliza, nawasalimu. Mama prezida ameniomba nitoe ushuhuda, tena niutoe kwa upole. Ushuhuda nitautoa. Upole sikuja nao.

Mimi masomo niliyaacha mapema, kwa hiyo nitasema wazi. Marehemu mume wangu alikuwa mchoraji. Majina ya maduka, picha za simba kwenye maboti ya Basoko, alikuwa anazipuliza kwa pistole ndogo, ile inayoshikwa kama kalamu, rangi inatoka kama ukungu. Upepo wake ulitoka kwa kompresere kubwa iliyopiga kelele kama kinu cha mihogo. Mtaa ukisikia kelele ile, ulijua kwetu leo wanakula. Mimi nilikuwa nashika tiyo, ule mpira wa upepo, na kuosha pistole. Miaka yote ile nikishika tiyo, mnafikiri macho yalikuwa yamefungwa?

Bon. Yeye aliondoka kwa ugonjwa, halafu vita ikaja. Askari wa kigeni wakaukata mji wetu kama mkate wa mama yao, na kila mmoja anasema amekuja kutuokoa. Siku moja mwanangu, huyu kijana wangu, akawasha kompresere apake mlango wa duka la mtu. Hawakukawia. Waliifuata kelele kama nzi anavyofuata harufu. Wakaibeba. Wakati wa kutoka wakaona baiskeli ya kijana.

Ndugu zangu, baiskeli ile ndiyo iliyokuwa inatulisha. Kijana alikuwa anafanya toleka, abiria nyuma kwenye kiti cha sponji, sokoni mpaka Mangobo, kurudi, kwenda tena. Alipokataa kuachia usukani, wakamvunja mkono kwa kitako cha bunduki. Mbele yangu. Mbele ya mke wake na watoto.

Mkaja kunifariji. Nakumbuka nani alikaa wapi. "Vumilia, mama." "Mungu anaona." Mkala ndizi zangu, mkaenda. Nawaambia leo, neno hilo lilinikasirisha kuliko bunduki. Bunduki haijifanyi rafiki.

Aliyesaidia ni kaka yangu wa Isangi. Alituma baiskeli yake kwa pirogi, mtumbwi wa mtoni, nyeusi, mpya, inang'aa, na ujumbe: dada, sina nyingine. Furaha ile ikageuka hofu siku ileile. Kila barieri, pale askari walipofunga njia, walikuwa wanachukua baiskeli zinazong'aa. Hata mkono wa kijana ulipoanza kupona, aliisukuma chini ya kitanda. Na baiskeli inayolala chini ya kitanda hailishi mtu. Wajukuu wakala pondu, majani ya muhogo, bila mafuta, halafu wakaanza kulala bila pondu.

Hapo nikaanza kuitazama frigo yangu. Zamani niliuza maji ya baridi. Nani angenunua maji ya baridi wakati ule? Ilisimama pale, tupu, inanguruma polepole kila umeme unaporudi. Nikasema moyoni: hii kitu inavuta na inasukuma. Kama inasukuma, itasukuma upepo. Na hakuna askari aliyewahi kukimbilia mngurumo wa frigo.

Papa mmoja anayetengeneza frigo alikubali kuja. Alinionyesha: toa gazi nje, usiweke pua, tiyo hii inavuta, hii inapuliza. Mjane mwenzangu akanipa chupa ya chuma ya kuzimia moto, tupu, aliyokuwa anazuilia mlango. Tonton wa kuchomelea akaweka saa ya kupima nguvu na kizibo kinachoachia upepo ukizidi, chupa isije ikatupasukia. Chupa tukailaza ndani ya frigo, mahali pa rafu. Ukifunga mlango, unasikia mmm, mmm, basi.

Shemeji yangu alisimama uani anatazama. "Shemeji, frigo za wengine zinatoa maji ya baridi. Ya kwako itatoa nini, kikohozi?" Watu wakacheka. Wengine wenu mlicheka. Nawaona.

Nilitaka kuandika majina kwenye misalaba ya makaburini. Kazi hiyo haikukosa watu, mnajua. Nikajaribu kwanza kwenye bati jipya, rangi ya kahawia. Jamani. Ile motere ya frigo ilitema mafuta yake, na hewa yetu hii ya mto ilitoa maji. Rangi ikatoka vidonda vidonda, hapa imekula, hapa imevimba. Nikalitupa bati chini. Nilikuwa nimeua frigo yangu kwa bure.

Kijana akaliokota kwa mkono ule mzima. Akaligeuza.

"Mama, bati hii umeiokota wapi? Imeoza kwa kutu."

Nikamwambia ni jipya. Tukatazamana. Aliingia ndani, akaivuta baiskeli kutoka chini ya kitanda yeye mwenyewe.

Alors, kutu ina njia zake. Inaanza pale maji yanapokaa: kwenye nati, kwenye maungio, chini ya kiti. Nilipuliza kahawia, juu yake manjano kidogo, na weusi pembeni. Ile pistole ya marehemu ilivyotema ndivyo nilivyotaka. Brashi isingeweza, ya brashi ingeonekana ni rangi tu. Tukamaliza, baiskeli ya kaka yangu ikawa kama imetolewa mtoni. Halafu nikaipaka frigo yenyewe, mlango na mbavu, maana frigo nzuri nayo wangeibeba.

Kwenye barieri askari aliipiga teke gurudumu, akamuuliza kijana kama haoni aibu kubeba watu juu ya maiti. Kijana akajibu: "Tunavumilia, shefu." Akapita. Jioni ile tulikula.

Mkaanza kuja. Mchana, umeme ukirudi, uwanja unajaa baiskeli. Hata waliocheka walikuja, kitambaa kimeshuka mpaka kwenye macho. Niliwapaka wote. Na mmoja kati ya wale niliowapaka alikwenda kwa askari, ili yeye apite barieri bila kusumbuliwa, akawaambia kwa mama fulani kuna mashine.

Walikuja mchana. Mimi natwanga pondu. Motere inafanya kazi, chupa inajaa. Kijana amesimama ukutani na pistole ndani ya shati. Mkubwa wao akauliza mashine ya rangi iko wapi. Nikamwambia mliichukua ninyi. Akasema wamepewa habari, akamtaja aliyewaletea, kama mtu anavyotaja mbwa wake. Halafu akatega sikio.

"Nini inanguruma?"

"Frigo."

Akaiendea. Akashika mpini. Ndugu zangu, nyuma ya mlango ule ilikuwa chupa, na nyuma ya chupa ilikuwa maisha ya mtoto wangu. Sikuacha kutwanga.

"Fungua, mwanangu," nikamwambia. "Samaki ni wa juma lililopita na umeme umerudi leo. Ukifungua, usifunge. Utanisaidia kuwatupa."

Akautazama ule mlango, ile kutu ya mkono wangu. Akafuta kiganja kwenye suruali. Akawaambia wenzake kitu kwa lugha yao, wakacheka, wakaenda.

Kijana wangu yuko hai. Anaendesha hadi leo. Namshukuru kaka wa Isangi, papa wa frigo, tonton wa kuchomelea, na yule mjane aliyeacha mlango wake ukipigwa na upepo ili mimi nipate chupa. Hao hawakuniambia vumilia. Walileta mikono. Fundisho langu ni hilo: ukimkuta mama anafungua frigo yake kwa bisibisi, usimuulize kama ana kichaa. Mshikie tiyo.

Mama prezida alitaka nimalizie kwa kusamehe. Aliyeniletea askari yuko hapa, amekaa, na sitamtaja. Mimi sijamsamehe. Mtu hawezi kusamehewa akiwa amenyamaza. Asimame alipo, aseme kwa mdomo wake kama mimi nilivyosema kwa wangu, halafu tutaona moyo wangu utafanya nini.

Nimemaliza. Mimi nakaa. Mahali pa kusimama pako wazi, na likelemba haifungwi mpaka tumesubiri kidogo.