Glovu za Avice

Sikilizeni wanangu, na huyo kasisi aache kuninong'onezea habari za mbinguni. Huko nitafika, sasa nasema na walio hai.

Babangu mfalme hakuacha mtoto wa kiume. Aliniketisha mbele ya mabwana wote wa Uingereza, wakapiga magoti mmoja mmoja, wakatia mikono yao kati ya mikono yangu, wakaapa kwamba taji ni langu. Ilikuwa Krismasi, ukumbi umeganda, na mdogo wangu Avice akanivika glovu za manyoya ya sungura. "Dada, baridi itakuua." Nikamshukuru, mjinga mimi! Baba alipozikwa, mabwana wakasema ngozi haikugusa ngozi, basi hapana kiapo. Askofu akaitikia, na mume wa Avice akavaa taji langu. Kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa mikononi.

Bwana Ranulf, wa kwanza kuapa na wa kwanza kunikana, nilimkamata vitani, nikaamuru akatwe mikono, nikaishika kati ya yangu, safari hii bila glovu. Sijutii. Kinachoniuma ni kwamba Avice alikufa kitandani mwake kabla sijamfikia.

Gervase, kinu na mashamba ya mtoni ni yako, na mjane wa Ranulf usimrudishie hata ng'ombe mmoja, alie asilie. Thurstan, chukua ngome hii. Najua unakula meza moja na mfalme yule, lakini u mwanangu wa kwanza, na damu ni nzito kuliko maji. Haki yangu ya taji namwachia dada yenu Hawise, kwa kuwa nyinyi mmekwisha kumpigia magoti mwizi, yeye bado. Mwapieni sasa, ningali napumua. Gervase, mikono. Vyema. Thurstan, nawe. Sogeeni, macho yangu yameingia giza, nataka niguse mwenyewe.

Nini hiki? Manyoya? Hawise, nani kakuvika glovu?

Kaka yako Thurstan, wasema? Eti baridi?

Cheka, Thurstan, cheka. Gervase, mtoe nje ya lango bila joho, aijue hiyo baridi. Ngome si yake tena, wala asitie udongo kaburini kwangu. Kisha urudi uape upya, haraka, pumzi... pumzi inaniishia.

Usilie, Hawise. Nipe mikono. Mungu akupe... la, la. Vua kwanza. Vua, mwanangu, ndipo nikubariki.