Mfalme wa Kwenye Jezi

Jumapili alasiri, benchi la kahawa nyuma ya kambi ya wafanyakazi, Al Quoz huku Uarabuni, huwa halina nafasi hata ya kisahani. Siku hiyo lilibeba pia boksi la jezi, na pembeni ya boksi alikaa Deus, golikipa wa kambi, akitokwa jasho ambalo si la joto. Yeye ndiye aliyechagua nembo. Aliipenda ya kwenye fulana moja ya mtumba: mwanamke mwenye mkuki amemkanyaga mtu, taji limeanguka kando, na chini maneno Sic semper tyrannis. Akaona huo ni ushindi wa fainali, karakana ikachapa zote kabla hajajua maana ya maneno. Mlipaji ni Fawaz wa Mombasa, msimamizi wa kambi, anayefunga gesi ya jikoni akijisikia, ugali uwe umeiva au haujaiva. Na likizo ya Deus kwenda Bukoba, kumwona mama yake anayeumwa, inangoja sahihi ya Fawaz huyo huyo.

— Hicho Kilatini, alisema Msellem, Mzanzibari waliyembatiza Kadhi kwa kuhukumu asiyoyajua. Nyinyi wa kanisani ndiyo lugha yenu. Hebu tutafsirie.

— Kadhi, padri wetu anasalisha kwa Kiswahili.

— Basi dawa hiyo. Madaktari huandika vivyo hivyo. Ya tumbo.

— Dawa ina mkuki?

— Tumbo la kuendesha, ndiyo.

Japhet, dereva Mkenya aitwaye Profesa kwa kuwa simu yake haiishiwi bando, akainua kidole.

— Maze, tulieni. Inasema, "Hivi ndivyo iwavyo daima kwa madhalimu." Ni motto ya Virginia, Amerika, tangu wamkatae mfalme wa Uingereza. Eti Brutus aliitamka akimdunga Kaisari, lakini wanasema hiyo ni hadithi tu.

— Kaisari namjua, alisema Kadhi. Aliwanyima likizo Roma nzima.

— Imeandikwa wapi?

— Penye miti hapana wajenzi.

— Hiyo inaingiaje hapa?

— Itaingia tu.

— Halafu kuna Booth, akaendelea Profesa, muigizaji. Aliipaza kwa sauti alipomuua Rais Lincoln.

— Si ndiye aliyewafungua watumwa? Deus aliuliza.

— Ndiye.

— Sasa dhalimu hapo nani?

— Bro, kila mtu ana wake.

Deus akalifunga boksi. Wake anamjua, na ndiye aliyelipia jezi.

— Zichome, alishauri Kadhi. Ukiulizwa, sema majini.

— Wacha! akadakia Profesa. Sema huyo wa chini ni straika wa wapinzani.

— Mwenye taji?

— Mfungaji bora.

Kabla hawajakubaliana, pikapu ya Fawaz ikasimama mbele yao.

— Yalla vijana, ziko wapi?

Akafungua boksi mwenyewe, akavaa jezi moja juu ya shati, akajipapasa kitambi. Alifurahi kwelikweli.

— Mashallah! Deus, kazi safi. Kesho njoo ofisini tuimalize ile likizo yako.

Kisha akainamisha kichwa, akaivuta jezi aione vizuri.

— Lakini hebu nambie, huyu aliyelala chini ni nani?

Profesa akazima simu. Kadhi akainua kikombe kitupu, akanywa. Deus akamfikiria mama yake, akajibu: mfungaji bora wa wapinzani, bosi.