Kopo la Mnazi Mmoja

Asubuhi ya Sabasaba, mwaka wa sabini na tatu, Kariakoo nzima ilikuwa imefunga maduka isipokuwa kijiwe cha kona ya Sikukuu na Mchikichi, ambacho hakijawahi kufungwa hata kwa msiba. Benchi lilikuwa moja, la kukalia watu watano wanaopendana au watatu waliokosana. Mzee Mwinyimvua alikuwa ameshawasha mkaa chini ya birika la kahawa. Wote walimwita Refa, kwa sababu kila ubishi wa pale yeye ndiye aliyeupulizia filimbi. Na katikati ya benchi, mahali ambapo hajawahi kukaa tangu azoeane na watu hawa, alikuwa amekaa Leodegar, kijana wa duka la misumari, ambaye kijiwe kilimbatiza Koti kwa kuwa aliteremka kutoka Moshi amevaa koti zito na miaka minne baadaye alikuwa bado hajalivua.

Ila asubuhi hiyo alikuwa na shati tu. Macho yalikuwa mekundu kwa kukesha, na magoti yalikuwa yamechubuka.

Usiku wa kuamkia Sabasaba ni usiku wa kombolela. Si ile ya watoto ya kujificha nyuma ya matenga ya nyanya. Hii ni ya wanaume wazima, kijiwe cha Sikukuu dhidi ya vijana wa Mchafukoge, na uwanja ni mji wote kuanzia Gerezani hadi Jangwani. Kopo tupu la samli linawekwa kwenye viwanja vya Mnazi Mmoja. Mchafukoge wanalilinda na kuwasaka watu kumi wa Sikukuu waliojificha. Anayekamatwa anakalishwa chini pale pale uwanjani. Lakini akitokea mmoja ambaye hajakamatwa akaliangusha kopo kwa mguu kabla ya adhana ya alfajiri, mateka wote wamekombolewa na Sikukuu imeshinda.

Sikukuu ilikuwa imeshindwa miaka miwili mfululizo, na miaka yote miwili Koti ndiye aliyekamatwa wa kwanza. Sadalla, fundi cherehani mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake, alishatoa hukumu mbele ya wote: akituangusha tena huyu, benchi hili halimjui, kahawa yake atakunywa amesimama ng'ambo ya barabara. Leodegar alicheka siku ile kama wenzake. Usiku wake hakulala. Dar es Salaam hakuwa na ndugu ila mjomba mwenye duka, ambaye maneno yake yalikuwa ni bei tu, na hilo benchi.

Sasa kopo lilikuwa limeanguka saa tisa usiku. Wenzake tisa walikuwa mateka, kwa hiyo hesabu haikuwa na ubishi kwamba aliyeliangusha ni yeye. Wakambeba mabegani kutoka Mnazi Mmoja hadi hapa. Wakamuuliza amepitaje, na kabla hajafungua kinywa kila mtu akawa ameshalijibu swali mwenyewe.

— Buibui, alisema Sadalla. Nimeketi pale tangu saa tatu, nimeona mwanamke mrefu anapita na kapu. Nikajiuliza, mwanamke gani wa saa tisa?

— Mwanamke mwenye miguu hiyo? aliuliza Kasmir, karani wa duka la ushirika, aliyeitwa Waziri kwa kupenda kuhutubia. Hapana, ndugu zangu. Tuchambue kwa mpango. Kijana huyu ameingilia Jangwani, kwenye mtaro wa maji machafu, akatambaa kwa tumbo mpaka Mnazi Mmoja.

— Mbona hanuki? aliuliza Sadalla.

— Ameoga.

— Saa ngapi, na tumembeba sisi wenyewe?

— Hilo tuiachie kamati, alisema Waziri, akanyoosha kikombe kiongezwe.

Refa alimmiminia. Leodegar alikitazama kikombe chake mwenyewe. Utamu wa maneno yale ulikuwa unampanda kichwani, lakini kila nadharia ilimweka juu zaidi na alijua atakapoanguka atasikika mpaka Buguruni.

— Sikilizeni, alisema Sadalla. Buibui naifuta. Soko jipya linalojengwa, si lina ile mashine ya kunyanyulia zege? Kapanda juu kabisa, kauona mji wote kama kiganja, kisha kateleza na kamba.

— Kutoka sokoni hadi Mnazi Mmoja? aliuliza Waziri. Kamba ya urefu gani hiyo?

— Kamba ya serikali, bwana. Unajua mwisho wake wewe?

Refa alitikisa kichwa, lakini filimbi hakupuliza.

— Mnahangaika bure, alisema Waziri, akasimama kabisa. Huyu ni mtu wa mlimani. Kule kwao juu hewa ni kidogo, wanazaliwa wamezoea kukaa bila kupumua. Sasa mtu asiyepumua utamsikia vipi? Kawapitia walinzi wale katikati, hapumui, wao wanadhani ni giza tu.

— Hapo umesema, alikiri Sadalla, na kukiri kwa Sadalla ilikuwa habari ya kutangazwa redioni. Koti, hebu zuia pumzi tuone.

Leodegar akazuia. Alifika ishirini na tatu, akakohoa.

— Amechoka, Waziri alimtetea. Ametumia nyingi usiku.

Ndipo akatokea Shaibu wa Mchafukoge, mmoja wa walinzi wanne wa kopo, amebeba sinia la kashata, maana aliyeshindwa ndiye huleta kashata.

— Shikamoo, mzee.

— Marahaba. Weka hapo, mwanangu. Poleni.

— Tumeshapoa. Shaibu aliweka sinia, akajifuta jasho. Sisi tulikuwa tunasubiri koti, mzee. Tuliambizana, ukiona koti, kamata. Hatujaona koti usiku kucha. Lakini nina jambo linanisumbua, labda nyie mnajua. Kuna kijana mmoja alitujia pale pembeni gizani, mbali na mateka, kapotea kabisa, kapauka. Katusalimia vizuri, katuuliza njia ya Sikukuu. Tukamwonyesha kwa mkono. Akashukuru, akaenda tulikomwonyesha, na kopo likaanguka, tukaanza kukimbizana gizani. Yule kijana wa watu, alifika salama?

Sadalla alimtazama Waziri. Waziri, ambaye alikuwa na jibu la kila kitu tangu uhuru, alimtazama Refa. Refa alitazama mkaa.

Leodegar aliweka kikombe chini. Angeweza kunyamaza tu. Kamba ya serikali ingembeba mpaka uzeeni. Lakini Shaibu aliuliza kwa huruma ya kweli, na aibu ya kumdanganya ilimzidi.

— Ni mimi, alisema. Koti lilinasa kwenye seng'enge nikaliacha. Mchana najua mitaa kwa vitu vinavyotundikwa barazani. Pale kanga, pale ndala, pale masufuria. Usiku wamefunga, milango yote ni ile ile. Nimezunguka masaa manne. Nilipoona watu nikafurahi, nikauliza njia. Sikujua pale ni Mnazi Mmoja. Kopo nimejikwaa nalo.

Leodegar aliinuka polepole, akachukua kikombe chake, akatazama ng'ambo ya barabara achague pa kusimama.

— Refa, alisema Sadalla, kopo lilianguka kwa kitu gani?

— Kwa mguu.

— Wa nani?

— Wa huyu.

— Kabla ya adhana?

— Kabla.

Sadalla alinyoosha mkono, akamkamata kijana shati kwa nyuma, akamvuta mpaka akarudi kitako pale pale katikati.

— Unaenda wapi? Kaa, kashata hizi ni zako. Na kuanzia leo mtu yeyote asithubutu kumfundisha huyu mitaa. Mwakani anapotea tena.