Sedekia Mhongole, Dobi Aliyepigia Makufuli Hodi

Ndugu Sedekia Mhongole, Mkuu wa Dobi katika hospitali yetu ya misheni hapa Mbeya, anastaafu tarehe 30 Juni 1958, baada ya kutufulia kwa miaka ishirini na minne. Nimeombwa mimi wa jikoni niandike habari zake kwa sababu jiko na dobi tunachota bomba moja, na watu wa bomba moja hawafichani mengi. Nimemwomba Mungu anisaidie nisiseme uongo, na pia nisimalize kweli yote.

Alizaliwa Kalenga, kule Iringa. Alifika Mbeya mwaka 1934 na mkewe, Mama Tekla, na pasi ya mkaa aliyoipakata njia nzima kama mtoto mchanga. Wiki ya kwanza aliloweka koti jeupe la daktari pamoja na blanketi jekundu. Daktari akapita wodini na koti la rangi ya waridi, na wagonjwa wakampa pongezi, wakidhani amepandishwa cheo. Baada ya hapo Ndugu Sedekia hakukosea rangi tena. Alijifunza kuusoma ukungu wa mlima Loleza kuliko mtu yeyote, na hata Juni hii ya baridi hakuna mgonjwa aliyelalia shuka bichi.

Sasa nifike kwenye lile ambalo kila mtu anangoja nilifikie.

Mwaka 1951, katika mfuko wa kaptula ya mgonjwa mmoja aliyekuwa amekwisha kurudi zake Chunya, Ndugu Sedekia alikuta kufuli la shaba. Lilikuwa limefungwa, halina ufunguo, na halikufunga kitu chochote. Lilitangazwa kanisani Jumapili tatu, mwenyewe asitokee. Mtu mwingine angelitupa. Yeye lilimkera. Alisema kitu kilichofungwa bila sababu ni kama mtu aliyenuna bila sababu, lazima aulizwe.

Akalipeleka sokoni kwa Bwana Makame, fundi wa saa, mtu wa pwani mwenye subira nyingi. Makame akamweleza kwamba ndani ya kufuli la namna ile mna vijiti vya shaba vimejipanga mstari, kila kimoja kinasukumwa na springi yake. Ufunguo huviinua vyote kwa vipimo vyao, ndipo tumbo la kufuli linakubali kuzunguka. Asiye na ufunguo huligandamiza tumbo kidogo tu, kisha akaviinua vijiti kimoja kimoja kwa waya. "Usilitishe, Bwana Sedekia," alimwambia. "Libembeleze, kama mtoto anayekataa uji." Kulikuwa na njia nyingine pia, ya kupenyeza kibati chembamba kwenye mguu wa kufuli ili kusukuma ulimi wake, lakini hiyo Makame aliiita njia ya wavivu.

Ndugu Sedekia alizitaka zote mbili. Akachonga waya kutoka spoki ya baiskeli, akakata vibati kutoka makopo ya maziwa ya jikoni kwangu. Alijifunza kwa mkono mmoja huku mwingine ukipiga pasi, na ndiyo sababu shuka moja la wodi ya wanaume lina nembo ya pasi mpaka leo. Siku kufuli lilipofunguka alipiga haleluya ya nguvu hata wauguzi wakakimbilia wodini kuona ni mgonjwa gani ameinuka.

Hakufungua ili achukue kitu. Alifungua, akafunga, akacheka, akarudia kufua. Lakini ni mcha Mungu, na jambo moja lilimsumbua: mtu mwenye adabu haingii mahali bila hodi. Basi akaweka sheria yake. Kabla ya kugusa kufuli lolote aliinama akaliambia, "Hodi!" Kisha akangoja. Asipopata mtu wa kuitika, haligusi. Nyumbani, alikokuwa amekwisha kukusanya makufuli mengine matano, ilimlazimu Mama Tekla aache chungu mekoni na kuitikia "Karibu!" kwa niaba ya kufuli. Mama Tekla alizoea kusema kwamba ameolewa na mume mmoja lakini anapokelea wageni makufuli sita.

Maneno yakasambaa. Mwaka 1954, juma moja kabla ya Pasaka, wazee wa kanisa walimwita kwa shauri la kujifunza kazi ya wezi. Msidhani lilikuwa jambo dogo. Binti yake Damari alikuwa afunge ndoa Jumatatu ya Pasaka, na baba aliyetengwa na kanisa haruhusiwi kumwingiza binti yake kanisani. Damari alilia bombani mbele yangu. Alisema afadhali ndoa ingoje kuliko kuingia akiwa ameshikwa mkono na mjomba anayenuka ugoro.

Mzee Ezekia, mkuu wa wazee, alikwisha kujihami. Kwa ajili ya Ndugu Sedekia peke yake, ofisi ya wazee ilitiwa kitasa kipya asubuhi ile, cha kujifunga chenyewe, kisichofunguka bila ufunguo hata ukiwa ndani. Fundi aliyekitia alikuwa ameondoka na ufunguo kwenda Chunya akachonge wa pili. Hakuna aliyeona ubaya, kwa sababu mlango ulikuwa wazi.

Mimi nilikuwamo na birika la chai. Spoki na vibati viliwekwa mezani kama ushahidi. Wazee wanne walikuwapo. Wa tano, Mzee Alinanuswe, alikuwa amechelewa kama kawaida yake. Mzee Ezekia alisimama, akatamka kwa jina la wazee wote watano kwamba ni marufuku Sedekia Mhongole kufungua tena kufuli wala kitasa chochote, na kwamba kutengwa kwake kutaamuliwa baada ya chai. Ndugu Sedekia aliinamisha kichwa, akaitika "Amina." Na Mzee Ezekia, ili neno lake liwe na uzito, akaubamiza mlango.

Kitasa kikajifunga. Kisha mzee mmoja akajaribu mlango. Kisha wote wakajaribu. Dirisha lilikuwa na nondo.

"Bwana Sedekia," alisema Mzee Ezekia, bila kumtazama, "hebu."

"Mzee wangu, nimekwisha kuitika amina."

"Tunakuruhusu!"

"Mmenikataza kwa jina la wazee watano. Hapa mko wanne."

Ndipo Mzee Alinanuswe akatokea dirishani na fimbo yake, amekasirika kwamba kikao kimeanza bila yeye. Mzee Ezekia akamsihi aseme tu amekubali. Akajibu, "Nikubali vipi, baba? Mimi sijaingia kikaoni. Mlango mmenifungia." Wakamwambia aingie basi. Akawaambia wamfungulie basi. Walizunguka hapo mpaka nikaogopa chai itapoa, nikamimina kikombe, nikampitishia kati ya nondo. Akanywa. Mzee mmoja akapiga makofi: kwa desturi yetu, anayekunywa chai ya kikao yumo kikaoni! Mzee Alinanuswe alifikiri, akaomba sukari zaidi, akakubali kwamba yumo. Marufuku ikaondolewa na watano.

Lakini Ndugu Sedekia hakusogea. Hakuna aliyepiga hodi, na yeye hawezi kujipigia kutoka ndani. Ikabidi Mzee Alinanuswe azunguke mlangoni aseme, "Hodi humo!" Nasi sote, na Mzee Ezekia kwa sauti kuu, tukaitika, "Karibu!"

Kazi ilitaka ukimya, avisikie vijiti. Katika miaka yangu yote hapa sijapata kuona wazee wale wamenyamaza namna hiyo, hata kwenye mazishi. Kitasa kililia, mlango ukafunguka. Mzee Alinanuswe, kwa kuwa amekaribishwa, akaingia. Na kwa kuwa amelelewa vizuri, akaufunga mlango nyuma yake.

Sitaandika alichosema Mzee Ezekia. Alikwisha kutubu.

Mara ya pili Ndugu Sedekia alifungua mwenyewe bila kuombwa, maana, alisema, mgeni alikuwa bado ni yule yule. Shauri la kutengwa halikutajwa tena. Mzee Ezekia aliuliza tu kama kuna mwenye neno, na wenzake wote wanne walikuwa tayari wako nje uani.

Jumatatu ya Pasaka Ndugu Sedekia alimwingiza Damari kanisani, suti yake imepigwa pasi hata ingeweza kusimama yenyewe. Pale mlangoni alisimama Mzee Ezekia, mgongo wake umeuegemea ubao wa mlango, na hakubanduka hapo mpaka bibi na bwana harusi walipotoka.

Leo Damari yuko Kalenga na mumewe na watoto watatu, na huko ndiko wazazi wanakohamia. Ndugu Sedekia, Mama Tekla, asanteni kwa mashuka makavu, kwa uvumilivu, na kwa kutuchekesha siku ambazo wodi zilijaa. Mungu awape uzee wa amani, wajukuu wanaosikia wanapoitwa, na majirani wa bomba moja kama tulivyokuwa sisi. Nendeni salama.