Sauti ya Kinyakyusa Sokoni Iyunga

Ndugu waombolezaji, jina la marehemu mnaliona juu ya karatasi mliyoshika. Humu ndani ataitwa marehemu tu mpaka mwisho, na sababu yake mtaisikia.

Marehemu alizaliwa Rungwe mwaka 1905, enzi za Mjerumani, mtoto wa tatu wa mfugaji. Alianza shule ya misheni mwaka 1913, vita ikamkatiza, akamaliza darasa la nne mwaka 1921. Mwalimu wake alikuwa na lalamiko moja tu: hata Zaburi aliisoma kwa sauti ya kuita ng'ombe.

Mwaka 1929 alimwoa Ikupa binti Kalinga, wakajaliwa watoto wanne. Mwaka 1934 alikwenda machimboni Chunya, na jioni aliwasomea wenzake gazeti, akilitafsiri hapo hapo kwa Kinyakyusa, vumbi likimjaa kooni. Mwaka 1953 alipelekwa Iringa kufundishwa kazi ya kipaza sauti, akarudi Mbeya juu ya gari la matangazo, koti jipya mwilini, hashikiki!

Jumamosi, 12 Juni 1954, ndui ilikuwa imeshaingia milimani. Wiki mbili chanjo ilikuwa ikitangazwa kwa Kiswahili cha ofisini, na akinamama wengi waliambulia kelele tu. Marehemu akamkabili mkubwa wake.

"Bwana, hawa wenye watoto mgongoni, maneno haya yanawapita juu. Niachie niseme nao kwa lugha ya nyumbani."

Akapewa Jumamosi mbili za kujaribu, basi.

Akashika kipaza sauti sokoni Iyunga. "Mugonile!" Soko likalipuka kwa vigelegele: chuma kinasalimia kwa Kinyakyusa! Lakini Tupokigwe, mke wa mwanawe Gideoni, alitupa kapu la ndizi akatimua mbio na mtoto mgongoni. Kwetu mke wa mwana hamtazami baba mkwe, hamtaji jina, wala hakai pale alipo. Sasa sauti imejaa soko zima, ajifiche wapi? Wake wote wa ukoo wakamfuata. Wale wale waliotakiwa kusikia ndio waliokimbia!

Jumatatu marehemu aliwaita wazee. Mzee Sedekia akauliza, "Kwani kusikia nako ni kukutana?" Wakabishana mpaka pombe ikaisha, kisha wakaamua: wakwe waje, ila waligeuzie gari mgongo. Ikupa akapita nyumba kwa nyumba kuwaambia.

Jumamosi ya pili walikuja! Waliketi safu kwa safu, kanga vichwani, migongo yote kwa gari, masikio yote wazi. Tupokigwe aliinuka wa kwanza kwenda kuchanjwa, na mwanawe Yohane yu hai leo. Siku hiyo walichanjwa watoto mia mbili na kumi na moja. Kuanzia hapo kila Jumamosi marehemu alisema nao: vyoo, kahawa, maji ya kuchemsha.

Machi 1957 koo lilimuuma, sauti ikakauka kabisa. Nani angesema sasa? Alichukua kalamu akamwandikia Ikupa neno moja: "Mkwe." Tupokigwe akapanda garini, akashika kipaza sauti. Gari lilipopita Ilomba, karibu na nyumba ya marehemu, yeye alijigeuza kitandani akaelekea ukutani, kwa heshima, akasikiliza mpaka neno la mwisho. Ikupa anasema alikuwa akicheka bila sauti, machozi yakimtoka.

Alifariki nyumbani kwake Ilomba, Alhamisi, 14 Agosti 1958. Ameacha mjane, Ikupa; watoto Gideoni, Sekela, Tusekile na Yudith; wajukuu sita; na soko zima.

Aliyeandika haya, na anayeyasoma mbele yenu, ni Tupokigwe. Wazee wamemruhusu leo ageuke, amtazame, amtaje.

Jailos Mwakilembe! Ndaga fijo, taata. Asante sana, baba. Pumzika kwa amani, tulikusikia.