Kitanda Kilichohamishwa

Kinyozi alikuwa amepitiliza kituo chake cha basi makusudi. Kwenye kiti cha nyuma yake, mwanamke wa makamo alikuwa amemkalia kooni kijana wa chuo mwenye fulana ya kikundi cha kujitolea, na ugomvi wa namna hiyo hauachwi katikati.

"Nani aliwatuma mhamishe kitanda?" mwanamke aliuliza. "Mama yangu haoni. Chumba chake anakijua kwa mikono. Nyie juzi mkasukuma kitanda dirishani, meza mkaileta mlangoni, sasa kila akiinuka anajigonga!"

"Tulitaka apate hewa, shangazi," kijana alisema. "Na tulimwuliza. Akasema, sawa wanangu."

"Ulitaka asemeje? Mama hawezi kumkatalia mgeni! Mtu akikubali haraka hivyo, muulize tena."

Kinyozi aliafiki kimoyomoyo. Wateja wanaosema sawa upesi ndio wasiorudi.

Kijana akakiri. "Hapo kweli tulikosea. Lakini tulishinda pale kutwa nzima, shangazi. Hakutokea ndugu hata mmoja wa kutuambia."

Mwanamke akafungua mkoba, akaufunga, akaufungua tena bila kutoa kitu.

"Ndiyo naenda sasa hivi kukirudisha," akasema.

Basi likasimama. Akaanza kuteremka haraka, mguu mmoja ukawa tayari chini, kisha akageuka. Sauti ilikuwa imemshuka.

"Hicho kitanda," akamwuliza kijana, "mlikikuta kimekaa upande gani?"